Mtoto akikuuliza Yesu alikuja duniani kufanya nini, mpeleke kwa Zakayo

Swali hili linakujaga muda ambao hujajiandaa kabisa, uko jikoni unageuza chapati au uko ndani ya daladala mmebanana, mtoto anapaza sauti, mama, hivi Yesu alikuja duniani kufanya nini? Wengi wetu tunajibu chapchap, alikuja kufa kwa ajili ya dhambi zetu, haya nyamaza sasa. Jibu ni sahihi wala sibishani nalo, ila kwa mtoto wa miaka mitano kufa bado hakujamwingia vizuri na dhambi ndo kabisa, kwa hiyo anachobaki nacho kichwani ni kwamba kuna mtu mzuri alikufa halafu kwa namna fulani mi nahusika. Anaenda kulala na hiyo.

Sasa nawaandikia wazazi na walimu wenzangu wa sande skuli (na nyie wa Utoto Mtakatifu kule Katoliki, na wa shule ya Sabato, kazi yetu ni moja) namna ninavyolifundisha hili swali mimi. Kifupi ni hivi, usikimbilie kujibu wewe, mwache Yesu ajibu mwenyewe. Maana alishasema kwa mdomo wake kwa nini amekuja, tena zaidi ya mara moja. Kwenye Yohana 10:10 anasema alikuja ili wawe na uzima, kisha wawe nao tele. Kwenye Marko 10:45 anasema hakuja kutumikiwa bali kutumika, na kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Na kwenye Luka 19:10 anasema Mwana wa Adamu alikuja kutafuta na kuokoa kile kilichopotea. Mi nachukua hiyo ya Luka kwa sababu moja tu, ile kauli imekaa mwishoni mwa stori ya Zakayo, yenye mti, nyumba, hela na mtu mfupi, na mtoto hashiki fundisho linaloning'inia hewani, anashika stori.

Kabla hujaanza kufundisha, uliza kwanza. Kaeni chini, waulize, nyie mnadhani Yesu alikuja kufanya nini, halafu funga mdomo usikilize. Utasikia alikuja kuzaliwa, alikuja kutuletea Krismasi, alikuja kufanya miujiza, alikuja kumpiga shetani (huyu huwa ni mvulana na anaonyesha na ngumi). Usicheke na usisahihishe palepale. Huyo wa shetani wala hajakosea, 1 Yohana 3:8 inasema alidhihirishwa ili azivunje kazi za Ibilisi. Na huyo wa Krismasi anasema anachokiona nyumbani, maana tusidanganyane, Desemba yote mtoto anasikia habari za nguo mpya, pilau na safari ya kwenda kwa bibi, sasa unategemea aseme nini. Ukishawasikiliza unajua uanzie wapi, ukianza tu kuhubiri utafundisha kitu wanachokijua na kuruka wasichokijua.

Haya, stori. Ni mistari kumi tu, Luka 19:1-10. Wadogo wasomee kwenye Biblia ya Habari Njema, Kiswahili chake ni chepesi, wakubwa wasome wenyewe kwenye ile tafsiri ya zamani ya Union. Ila kusoma peke yake hakutoshi, inabidi uwape mahali. Yeriko ni mji wa bondeni kabisa, uko chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 200, kuna joto na mitende mpaka Kumbukumbu la Torati inauita mji wa mitende. Barabara ya kwenda Yerusalemu inaanzia huko chini inapanda milimani, kama kilomita 25 za kupanda tu. Kumbuka hiyo barabara, tutairudia.

Halafu mti. Hapa watoto wetu wana bahati kuliko watoto wa Ulaya, kwa sababu mkuyu wa Zakayo, ule aliopanda ili amwone Yesu akipita, ni mkuyu huuhuu tunaoujua, Ficus sycomorus, unaota sana huku kwetu hasa kando ya mito. Kama mnakaa jirani na mto wapeleke wakauone, shina nene, matawi yanaanzia chini yametanuka, na matunda yake madogo yanashikana kwenye matawi makubwa na hata kwenye shina. Mtoto akiushika anaelewa mara moja kwa nini mtu mfupi alichagua huo na siyo mtende, mtende utaupandaje na kanzu. Mvua ikiwa imenyesha msipande jamani, shina linateleza, waache waushike tu.

Kisha Zakayo mwenyewe. Alikuwa mkuu wa watoza ushuru, na tajiri. Waeleze kwamba nchi ilikuwa chini ya Warumi, na ushuru ulikusanywa na wenyeji, na wakusanyaji wengi walikuwa wanatoza zaidi ya kinachotakiwa wanaweka mfukoni. Hiyo siyo tetesi, Yohana Mbatizaji alipofuatwa na watoza ushuru kwenye Luka 3 aliwaambia wasitoze kitu zaidi kuliko walivyoamriwa, ina maana ndo ulikuwa mchezo wenyewe. Ila angalizo, usimfananishe na mtu wa kodi wa siku hizi, darasani kwako anaweza kuwepo mtoto ambaye baba yake anafanya kazi hiyo kwa uaminifu kabisa na ataenda nyumbani analia. Sema tu Zakayo alikuwa anadanganya kwenye hesabu.

Hapo sasa toa vifuniko vya soda. Mi nakusanyaga kwenye maduka, vinajaa kopo la rangi, na hakuna picha ya kununua inayofanya kazi kama hivyo vifuniko. Mmoja awe Zakayo, mpe vifuniko 30, ndo utajiri wake. Wawili wawe wauza tende. Mwambie wa kwanza, ulitakiwa utoe 2, Zakayo akachukua 5. Amekuibia ngapi? Tatu! Wa pili kaibiwa 2. Halafu kundi lingine wawe maskini wa Yeriko wamekaa pembeni. Viache kwanza hapo, usivigawe, endelea na stori mpaka Yesu afike chini ya mti.

Hapa ndo pa kwenda taratibu, usipakimbie. Zakayo yuko juu amejificha kwenye majani, anataka amwone Yesu ila sidhani kama alitaka kuonekana yeye. Yesu anafika, anasimama, anatazama juu, anamwita kwa jina. Waulize watoto, nani alimwambia Yesu jina lake? Waache wafikirie, Biblia haisemi, na wewe usijifanye unajua. Kisha kauli yenyewe, Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako. Wanaigiza hii mara nyingi tu wakipata nafasi, kila mtoto anataka aitwe jina lake ashuke kwenye kiti, na mi nawaacha, kila mmoja anaitwa kwa jina lake halisi, anashuka. Kwa wadogo wa miaka mitatu minne hata ukiishia hapa siku hiyo umefundisha. Waambie, Yesu alikuja kututafuta, anajua jina lako. Inatosha, wape uji waende kucheza.

Kwa wakubwa kidogo uliza neno kupotea maana yake nini hapa. Watoto wanadhani aliyepotea ni yule asiyejua njia ya kwao. Sasa Zakayo yuko mjini kwao, anajua kila uchochoro, ana nyumba nzuri, amepoteaje? Wape muda. Mmoja atasema hana marafiki, mwingine atasema anaiba, mwingine atasema Mungu hafurahi, na yote unaweza kuyaunganisha, alikuwa mbali na Mungu na mbali na watu, na mikono yake ndo iliyomfikisha huko. Hiyo ndo dhambi kwa lugha ya mtoto, siyo orodha ya makosa ya shuleni. Ukitaka kurudi nyuma zaidi fungua Mwanzo 3, Adamu na mkewe wamekosea wamejificha kwenye miti ya bustani, na kitu cha kwanza Mungu anachosema ni swali, uko wapi? Mtu kajificha mtini, Mungu anamtafuta. Halafu miaka mingi baadaye mtu mwingine yuko kwenye majani na Yesu anakuja anasimama chini. Watoto wa miaka kumi wakiliona hili wenyewe bila kuambiwa macho yanawatoka, kwa hiyo usiwaambie, soma tu sehemu zote mbili halafu kaa kimya.

Sasa umati. Hawa ni muhimu na walimu wengi wanawaruka. Waweke watoto waliobaki wasimame mstari, wamnyooshee Zakayo kidole na kunung'unika, mwizi huyo, mwizi huyo (watafurahia kupita kiasi, jiandae na kelele). Yesu anamshika Zakayo mkono wanaingia nyumbani. Wakishaingia umati unasema nini? Biblia inasema wote wakanung'unika, wakasema, ameingia kukaa kwa mtu mwenye dhambi. Waambie watoto wanyooshe kidole tena kama umati ule, kisha wasimamishe hivohivo wasishushe mikono, uliza, kidole chako sasa kimemwelekea nani? Wataangalia. Kimemwelekea Yesu. Zakayo ndo kaiba lakini anayesemwa ni Yesu. Lawama imehama.

Mi naona hapa ndo mlango wa kuingilia msalabani, na ni mlango ambao mtoto anaweza kupita bila kuogopa. Maana Yesu hakuwa anatembea tu pale Yeriko, alikuwa njiani anapanda Yerusalemu, ile barabara ya milimani. Luka 19 hiyohiyo ukisoma mbele utamkuta anaingia Yerusalemu juu ya mwanapunda, na ndani ya wiki ile anasulubiwa. Na ile kauli ya Marko 10:45, ya kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi, aliisema kwenye safari hiyohiyo, mstari unaofuata tu unasema wakafika Yeriko. Kwa hiyo njia moja, safari moja, anasema mara mbili kwa nini amekuja. Kilichotokea mlangoni kwa Zakayo kidogo, kule Yerusalemu kilitokea chote, alikubali kunyooshewa kidole kwa makosa ya watu wengine mpaka kifo. Sema hivyo kwa sauti ya kawaida, usiweke sauti ya msiba, na usielezee misumari na damu kwa watoto wadogo, watakuja kuyasoma wakikua.

Na tafadhali sana usimalizie Ijumaa. Kikao kilekile ambacho mtoto amesikia Yesu alikufa ndicho asikie kwamba siku ya tatu alifufuka, usiseme tutaendelea Jumapili ijayo, Jumapili ijayo mtoto atakuwa na homa au atakuwa kwa shangazi yake, halafu anabaki na Yesu aliyekufa wiki mbili.

Rudi kwenye vifuniko. Zakayo anasimama anasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Haya, kazi. Nusu ya 30? 15, peleka kwa maskini. Muuza tende wa kwanza aliibiwa 3, mara nne ni 12, mhesabie. Wa pili aliibiwa 2, mara nne 8. Hapo utaona kitu kizuri, Zakayo mdogo anahesabu, amebaki na 15, anatoa 12, anabaki na 3, anatakiwa 8, anakuangalia, ticha havitoshi! Darasa linalipuka. Kuna mtoto niliwahi kumsikia akimwambia mwenzie, kakope. Sasa uliza, Zakayo mwenyewe anaonekanaje kwenye stori, analia? Hapana, Luka anasema alimkaribisha Yesu kwa furaha. Na swali la mwisho hapa ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, tafuta kwenye mistari, Yesu alimwambia Zakayo arudishe hela saa ngapi? Waache watafute. Hawataona, kwa sababu haipo. Yesu aliingia kwanza, hela zikarudi baadaye, na hakuna aliyemlazimisha. Watoto wetu wengi wanaishi kwenye ile ya ukiwa mtoto mzuri Yesu atakupenda, ukiwa mbaya Yesu amenuna, wakubwa ndo tunawaambia hivyo tukitaka wanyamaze. Stori inasema kinyume, na hilo unatakiwa ulisisitize palepale mpaka liingie.

Hapo ndo unasoma mstari wa kumi wote kwa pamoja, na ndo wa kukariri wiki hiyo. Kwa kuwa Mwana wa Adamu alikuja kutafuta na kuokoa kile kilichopotea.

Sasa maswali, maana yatakuja tu, na mengine yanakata.

Kwa nini Mungu asisamehe tu, mpaka Yesu afe? Hili wanauliza wa miaka tisa kumi na ni swali halali. Mi nawapa mfano wa chupa ya chai. Umevunja chupa ya chai ya mama, ile anayotumia kuuzia chai asubuhi. Umeomba msamaha, mama kasema nimekusamehe mwanangu, basi. Kesho asubuhi chai itawekwa wapi? Chupa mpya inanunuliwa, na we huna hela, kwa hiyo anayelipa ni mama. Akisamehe maana yake hasara anaibeba yeye. Kwa hiyo hakuna kusamehe tu, kila msamaha kuna mtu amebeba, na Mungu alipotusamehe alibeba mwenyewe. Mtoto aliyeona mama yake anahesabu hela ya chupa anaelewa hii kuliko mchungaji.

Ndo maana sipendi ile stori inayozunguka sana ya baba mwendesha daraja la treni anayemwacha mwanae afe ili abiria wapone. Watu wazima wanalia, sawa, lakini mtoto anatoka hapo akimwogopa baba, na Yesu anageuka kuwa mtoto aliyepatwa na ajali bila kujua. Yohana 10:18 Yesu mwenyewe anasema hakuna mtu anayemwondolea uhai, anautoa mwenyewe. Mtoto akikuuliza Mungu alimuua mwanae? mjibu hapana, watu ndo walimuua, Yesu alijua na alikubali kwa sababu anatupenda, na Baba alimfufua.

Mbona hakutuma malaika? Alishatuma manabii wengi kabla, Waebrania inaanza na hilo hilo, lakini safari hii alitaka kuja mwenyewe akae nasi. Yohana 1:14, Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu. Akawa mtoto kama wewe, alinyonya, alijifunza kutembea, alikuwa na mama anayemtuma. Watoto wanapenda hapa, waache wataje vitu alivyofanya akiwa mdogo.

Akija duniani, mbinguni alibaki nani? Baba, ndo maana Yesu alikuwa anaomba kwa Baba yake. Ishia hapo. Usitoe yai wala habari za maji na barafu na mvuke kuelezea Utatu, yote yanavunjika katikati na mtoto mwenye akili atakuuliza swali la pili ambalo huna jibu. Kusema hili ni kubwa kuliko kichwa changu lakini naliamini ni jibu zuri tu.

Yesu alikuwa mzungu? Picha zote ukutani zina mtu wa macho ya bluu kwa hiyo usishangae. Alikuwa Myahudi aliyekulia Nazareti, Galilaya, fundi mtoto wa fundi, mtu wa Mashariki ya Kati na sura za huko. Na uwaambie kwamba akiwa mdogo aliishi Afrika, Mathayo 2, walikimbilia Misri usiku Herode anataka kumuua. Mtoto aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hahitaji kuelezewa sehemu hii mara mbili.

Rafiki yangu Muislamu anasema Yesu ni nabii tu. Huku kwetu, hasa Pwani, hili ni la kila siku, watoto wanacheza pamoja na mchana wanakula sahani moja. Mwambie ni kweli Waislamu wanamheshimu Isa kama nabii, na kwenye Kurani sura ya 19 imepewa jina la mama yake, Maryam. Sisi tunaamini zaidi ya hapo, kwamba ni Mwana wa Mungu aliyekuja kutuokoa. Anaweza kumwambia rafiki yake sisi tunaamini hivi bila kumwambia nyie mmekosea, na asirudi nyumbani amegombana. Mtoto wa miaka nane si mhadhiri.

Na bibi yangu ambaye hakuokoka je? au babu aliyekufa? Hapa weka chini kila kitu, mkalie karibu. Nyuma ya swali hili kuna mtu anayempenda. Usitoe hukumu ambayo hujapewa. Mi nasema, Yesu alikuja kutafuta, na anampenda bibi kuliko wewe unavyompenda, tumwombee. Babu aliyekufa yuko mikononi mwa Mungu anayejua yote. Halafu nenda kaongee na mzazi wake.

Mambo ya kuacha. Usitumie jehanamu kama fimbo, mtoto anayempokea Yesu kwa sababu ya hofu ya moto atamwacha siku hofu ikiisha. Usimwambie we ukiiba sukari unampigilia Yesu misumari, nimeshasikia watu wanasema hivi kwa watoto na sijui tunataka nini. Na usiite kila Jumapili nani anataka kuokoka anyooshe mkono, watoto watanyoosha wote, watanyoosha na wiki ijayo, wananyoosha kwa sababu unafurahi wakinyoosha. Makanisa yetu yanatofautiana, wengine tunabatiza wachanga na baadaye kipaimara, wengine wanasubiri mtoto aseme mwenyewe, fuata utaratibu wa kanisa lako, ila mtoto akikujia pembeni peke yake akasema nataka Yesu aje na kwetu, kaa naye, omba naye kwa maneno yake yeye, siyo ya kwako.

Muda wa kufundisha, mi nashauri usisubiri Desemba. Desemba ni mazoezi ya igizo, mbawa za malaika za karatasi, nani atakuwa Mariamu na mama gani amenuna mwanae kapewa nafasi ya kondoo, hamna anayesikia. Fundisha Zakayo Januari au Februari kukiwa kumetulia, ikifika Kwaresma na Pasaka unawakumbusha ile barabara ya kutoka Yeriko tu, ikifika Krismasi unawaambia yule mtoto kwenye hori ndo yule aliyesimama chini ya mkuyu. Malaika alimwambia Yusufu amwite Yesu maana ndiye atakayewaokoa watu wake na dhambi zao, Mathayo 1:21, kwa hiyo hata Krismasi yenyewe kazi yake ilishatajwa kabla hajazaliwa.

Kwa nyie mnaofundisha nyumbani bila darasa, msijali vifuniko na umati, baba awe umati. Somo lote linaisha kwa dakika ishirini kabla ya kula, simu ziwe mbali, TV imezimwa, na mtoto mdogo kuliko wote ndo awe Yesu, utashangaa anavyowaita wakubwa washuke.

Kitu cha mwisho ambacho ujiandae nacho, baada ya somo hili wiki inayofuata kuna mtoto atakuletea kitu. Penseli ya mwenzie, mia mbili ya sadaka aliyonunulia ubuyu, mara nyingine anarudisha penseli nne kwa moja kwa sababu Zakayo alisema mara nne. Pokea kimyakimya. Usimsimamishe mbele kama mfano, usimpigie mama yake simu, usitangaze kwenye grupu la wazazi. Muulize, unataka twende wote kwa mwenye penseli au utaenda mwenyewe? Akisema twende wote mshike mkono muende, na ukifika pale mwache aongee yeye.